Machila ya Paskalia

Mke wangu Paskalia alikufa wakati mimi nimebeba kitanda cha Mdachi. Akida alikuja asubuhi na askari wawili, akatukuta tunapalilia maharage, akahesabu wanaume, akaninyooshea fimbo. Nikamwambia mke wangu ana homa tangu juzi. Akasema, "Kwani wewe ni dawa? Ukibaki atapona?" Nikatwikwa kitanda cha chuma cha kukunja, na juu yake birika, nikaenda navyo mpaka Mahenge kwa miguu. Niliporudi, kaburi lilikuwa limeshaota majani.

Watu husema ni kazi ya Mungu. Mimi Mungu simwingizi katika jambo hili. Yeye hakuja na fimbo.

Aliyemzika ni mdogo wake, Lukasi. Walizaliwa wawili tu. Mama yao alifariki Lukasi bado ananyonya, na Paskalia ndiye aliyemlea mgongoni, naye mwenyewe bado mtoto. Kwangu Lukasi alikuwa shemeji. Kwa Paskalia alikuwa kama mtoto wa kumzaa, na sisi wawili hatukupata mwingine.

Kwetu upande wa Matombo, Wazungu walikuwa wanachimba ulanga mlimani, yale mawe yanayobanduka kama maganda ya kitunguu na kung'aa kama kioo. Sisi tuliuteremsha kwa makasha mpaka stesheni ya Morogoro. Kila mwanaume alibeba. Lakini Lukasi alibeba kama wengine wanavyocheza ngoma. Mguu wake ulilijua jiwe linaloteleza kabla jicho halijaliona. Na alikuwa anaimba. Ukifuata nyuma ya Lukasi, wimbo wake unakupunguzia nusu ya kasha.

Mambo yaliharibika siku ya mazishi. Nilisimuliwa tu, maana mimi nilikuwa njiani na birika langu. Watani walikuja kama desturi. Ukoo wa akina Lukasi na ukoo wa akina Abasi ni watani tangu mababu, na kwetu msiba bila watani si msiba. Wao ndio wanaochimba kaburi. Wao ndio wanaovaa nguo za marehemu, wakatembea alivyotembea, wakasema alivyosema, wakamsingizia haya na yale, mpaka wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Halafu wanadai kuku wao na kwenda zao. Abasi alikuwa ameshajifunga kanga ya Paskalia, ameshaanza kutembea kwa kuvuta kisigino kama yeye. Lukasi akachukua jembe, akawafukuza wote mpaka mtoni. Alisema dada yake si mtu wa kuchezewa. Akamzika mwenyewe, na hakuna aliyecheka.

Tangu hapo akaanza kumsikia.

Haikuwa kila siku. Wiki mbili nzima alikuwa mtu kama mimi na wewe, anabeba, anaimba, anakula. Halafu siku moja anasimama katikati ya njia na kasha kichwani, anageuza shingo, anasikiliza. "Ananiita," anasema. Anaweza kusimama hivyo mpaka kivuli chake kihame. Ukimvuta anatetemeka kama mtu wa baridi. Chakula alikigawa nusu kwa nusu, nusu moja akaifunika kwa jani la mgomba akaiweka kizingitini. Kuku wakishaila, yeye anafurahi, anasema dada leo ana hamu ya kula.

Ndugu zangu waliniita nirudi kwa mama yangu, maana mke akishafariki mume hana shamba kwa wakwe. Sikwenda. Nani angemkatia Lukasi lile jani la mgomba?

Basi, mwaka wa tatu tangu gari la moshi lifike Morogoro, akida alipanda tena mlimani, safari hii na uso wa kicheko. Mwezi wa Januari ni sikukuu ya kuzaliwa kwa Kaisari, mfalme wa Wadachi, akasema, na Bwana Mkubwa wa boma anataka michezo. Kutakuwa na kuvuta kamba, kutakuwa na mlingoti uliopakwa mafuta. Na kutakuwa na mashindano ya machila, kutoka stesheni mpaka boma. Kila akida alete wabebaji wanne, mmoja wa akiba, na mtu wa kulala ndani.

"Wanne watakaoshinda," akasema, "watapewa karatasi yenye muhuri. Mwaka mzima askari hawatawashika kwa mzigo wowote."

Wengine walishangilia. Mimi nilimtazama Lukasi. Mpaka wakati ule Petro, mnyapara wetu wa ulanga, alikuwa anamficha. Akisimama njiani, Petro anatupumzisha sote, anajifanya anafunga kamba upya. Lakini siku atakaposhikwa kwa safari ya askari, itakuwaje? Mtu anayesimama kwenye safari ya askari hupigwa kiboko mpaka atembee, au mpaka asiinuke tena. Niliwaona wa namna hiyo njia ya Mahenge. Ile karatasi niliitaka kwa ajili yake kuliko nilivyopata kutaka kitu chochote tangu kaburi lile.

Tulibishana kule tulikokwenda kukata mwanzi wa machila. Petro alikuwa mtu wa haki, lakini mkavu.

"Mimi mwenyewe, wewe Yakobo, Yunusi, na Rehani," alisema, anahesabu kwa panga. "Lukasi hapana."

"Unamwacha mbebaji bora wa mlima mzima?"

"Bora wiki hii. Wiki ijayo anaongea na migomba."

"Migomba haijalalamika," alisema Abasi. Alikuwa amekaa pembeni, kasha la ulanga lilikuwa limemponda vidole vya mguu, hakuweza kubeba. Alikuja kwa ajili ya maneno tu.

"Nyamaza, Abasi. Machila si kasha," Petro akaniambia. "Kasha akisimama nalo anasimama peke yake. Machila mti ni mmoja, mabega manne. Mmoja akisimama wote wanaanguka, na aliye ndani anavunjika shingo. Na akida yuko pale, na Bwana Mkubwa yuko pale. Mimi sikatai kumpenda. Nakataa kumweka mahali atakapovunjikia mbele ya watu."

Lilikuwa neno la kweli, na ndiyo maana liliniuma. Nikamwambia, "Ukimwacha, akida atamshika masika haya haya kwa safari. Nani atafunga kamba upya huko?"

Petro akaingia kwenye mianzi. Akakata mwanzi mmoja, akaupima kwa bega, akautupa.

Lukasi alikuwa nyuma yetu, alikuwa amekuja na maji. Hatukumsikia kwa sababu hatua zake hazisikiki. Akasema, "Petro, mimi nitakwambia. Nikimsikia anakuja nitakwambia mapema, uniweke akiba."

"Huwa unajua mapema?"

"Mara nyingine."

Petro akamtazama sana. "Haya," akasema. "Utakuwa mbele na mimi, Rehani akiba. Usinidanganye tu."

Akida alipopelekewa majina, alicheka. Sifa za sauti ya Lukasi zilikuwa zimemfikia, na za ugonjwa pia. "Mchukueni," akasema. "Akishinda, karatasi yake ataipata. Akinitia aibu mbele ya Bwana Mkubwa, nitamtia pingu siku ile ile, apandishwe gari la moshi. Kuna nyumba ya wenye wazimu huko Usambara. Hatarudi kuwasumbua." Alisema kama mtu anayetufanyia hisani. Wale waliokaa kivulini ndivyo walivyo. Mtu akiwaimbia wanampenda, akinyamaza wanamtafutia pingu.

Tukafanya mazoezi mwezi mzima. Machila ni mwanzi mmoja mrefu, na kitambaa cha turubai kimening'inia chini yake, watu wawili mbele na wawili nyuma. Wasiojua hudhani ni nguvu. Si nguvu, ni mguu. Wote wanne mnaweka mguu mmoja kwa wakati mmoja, mkibadili bega mnabadili pamoja bila kusimama, na anayewaambia lini ni wimbo. Lukasi aliutunga wake.

"Mlima wa nani?"

"Wa mama!"

"Njia ya nani?"

"Ya Mdachi!"

"Mguu wa nani?"

"Wangu mimi!"

Hapo kwenye "wangu mimi" ndipo tulipobadili bega. Mwanzi ulihama kama umepakwa mafuta. Hata Petro alianza kucheka njiani, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

Ndani tulimlaza Abasi, kwa kuwa mguu wake bado mbovu na mwili wake mwepesi. Na Abasi ni Abasi. Siku ya kwanza tu akaanza. "We Lukasi, kichwani kwako leo mko wangapi? Niambie, nijue nibebwe na watu wangapi!"

Lukasi alicheka. Niliona kwa macho yangu, alicheka. Lakini mimi nilihisi kama nimechomwa. Jioni nikamfuata Abasi kwake.

"Ndugu yangu, nakuomba. Usimtanie habari ya ugonjwa wake. Wala usimtaje Paskalia."

Abasi akaduwaa. "Yakobo, mimi ni mtani wake. Nisimtanie?"

"Kidonda kile bado kibichi."

"Kwa hiyo mimi nifanye nini humo ndani? Nilale kama gunia?"

"Lala kama gunia."

Alinitazama kama nimemwomba aache kupumua. Lakini alikuwa ananiheshimu kwa msiba wangu, akakubali. Kuanzia kesho yake akalala kimya. Nikawaonya na wengine: mtu asiseme neno kichaa, asiseme wazimu, asiulize Lukasi anasikia nini. Tukawa tunamzunguka Lukasi kwa upole, kama watu wanaozunguka chungu kilichopasuka. Mimi nilijiona nina huruma. Sikuona kwamba alikuwa ameacha kucheka.

Siku mbili kabla ya kuteremka, nilimkuta kijitoni anaosha sufuria ya Paskalia. Ilikuwa safi, lakini aliiosha kila alipoipita. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye magimbi.

"Shemeji," akasema bila kugeuka, "mbona watu siku hizi wananisemesha kama mgonjwa wa kufa?"

"Wanakupenda."

"Zamani walinipenda kwa kelele." Akasugua. "Abasi naye amekasirika?"

"Hapana."

"Basi kwa nini hanitukani?"

Nilitaka kujibu, lakini sikuwa na neno lisilokuwa na jina la Paskalia ndani yake.

Akasema, "Nikisimama siku ile, mtaniacha?"

"Hatukuachi."

"Sema wewe, shemeji. Usisemee watu."

"Mimi sikuachi, Lukasi."

Akanipa sufuria niishike, akaniosha mikono kwa maji yaliyobaki, kama Paskalia alivyokuwa ananifanyia nikitoka shamba. Sijui kama alijua anafanya nini.

Tukateremka Morogoro. Mji ulikuwa umefungwa bendera kila mti. Wahindi walifunga maduka, askari walipiga tarumbeta, wanawake wa mjini walivaa kanga mpya. Juu bomani Bwana Mkubwa na wenzake walikaa kwenye viti chini ya turubai, na maakida wamesimama nyuma yao. Sisi tulipangwa stesheni, machila nne za maakida wanne. Karani alisoma sheria: machila isiguse ardhi, aliyechoka abadilishwe na wa akiba lakini mwendo usisimame zaidi ya kuhesabu ishirini, atakayefika kwanza kwenye ngazi za boma ndiye mshindi.

Petro alimwinamia Lukasi. "Leo vipi?"

"Leo kimya," Lukasi akasema. "Kimya kabisa."

Bunduki ikalia.

Sijapata kwenda vile tena maishani. Lukasi alianza wimbo chini chini, akaupandisha njia ilipoanza kupanda. Wa mama! Ya Mdachi! Wangu mimi! Bega likahama, mguu ukashika. Machila ya kwanza tuliipita kabla ya maduka ya Wahindi. Ya pili ilijikwaa yenyewe, tukaipita. Pale njia inapokunja kwenda boma tulikuwa sambamba na ya tatu, halafu nikaona mgongo wao hauko tena mbele yangu, nikajua tunaongoza. Rehani alikimbia pembeni anapiga makofi. Niliiona karatasi ile, nikauona muhuri wake mwekundu. Nilishaamua nitaitia ndani ya kibuyu ili mvua isiifikie.

Kulikuwa na wanawake wamesimama ukingoni wanapiga vigelegele. Mmoja akaita, "Kaka wee, kaza!" Alikuwa anamwita mtu wake, sijui nani.

Lukasi akasimama.

Petro aliyumba, mimi nikapiga goti kwenye vumbi, Yunusi nyuma akaguna. Mwanzi ulikwenda upande, tukaukamata. Abasi alibembea ndani, hakusema neno. Lukasi aligeuza shingo kuelekea wale wanawake. Uso wake ulikuwa mtulivu kabisa, ule utulivu ninaouogopa.

"Ananiita," akasema.

"Lukasi," Petro akasema polepole. "Umesema leo kimya."

"Ananiita, Petro. Amesimama juani. Hakuna aliyekwenda kumchukua."

Akaanza kutoa bega chini ya mwanzi. Rehani akaruka, "Nipe! Nipe mimi, ishirini haijafika, bado tunaongoza!" Naye alikuwa na haki. Angeingia Rehani, tungemaliza, tungeshinda. Petro akageuza shingo akanitazama. Sijui alikuwa ananiuliza au ananiomba. Lukasi angeachwa pale ukingoni peke yake anatafuta sauti kati ya wanawake wasiomjua, na askari wapo, na akida anatazama kutoka juu.

Niliahidi kijitoni. Nikasema, "Rehani, kaa mbali."

Machila ya tatu ikatupita. Ikatupita na ya pili.

Nikamwita, "Lukasi, shemeji, twende," kwa sauti yangu ya upole niliyomfuga nayo mwezi mzima. Hakunisikia. Sauti ile haikuwa na mtu ndani yake. Hapo ndipo nilipomwona Abasi anavyonitazama kutoka ndani ya turubai. Amebana midomo mpaka imekuwa myeupe. Mwanaume mzima ananyamaza kwa sababu mimi nilimwomba. Ndipo nikajua nilichofanya. Nilimnyima Lukasi mtu mmoja tu aliyekuwa na ruhusa ya kuingia pale alipokuwa.

"Abasi!" nikapiga kelele. "Mtanie! Nakuomba ndugu yangu, mtanie!"

"Nimtanieje?"

"Kama msibani!"

Abasi hakuuliza mara ya pili. Alivuta ile shuka aliyolalia, akajitanda kichwani, akatoa sauti. Mungu wangu. Ilikuwa sauti ya mke wangu, ile ya puani kidogo, ya mtu anayegomba huku anakuandalia chakula.

"Lukasi wee! Unatazama wapi huko? Mimi niko huku!"

Lukasi akageuka.

"Niko huku kwenye kitambaa, najikunja kama kambare! Mwanaume mzima, hata kunibeba huwezi? Mimi nilikubeba mgongoni miaka mitatu, wewe mkojozi, kanga yangu haikupata kukauka!"

Watu ukingoni wakaangua kicheko. Watu wa mlimani waliokuwapo walielewa mara moja, na watani wengine wakaanza kusogea. Lukasi alikuwa anatetemeka. Midomo yake ilicheza, nikadhani atapiga mayowe.

"Uongo," akasema. "Dada, uongo. Ilikuwa miwili."

"Mitatu! Na kichwa chako kizito kama kinu! Na siku uliyonizika, watani wangu ukawafukuza na jembe, ukanilaza bila hata mtu wa kunicheka. Unadhani huko nilikokwenda watu walinionaje? Walisema, huyu hana kwao! Nimerudi kukudai kuku, ndiyo maana siondoki masikioni mwako!"

Lukasi akacheka. Kicheko kilitoka na machozi na kamasi, vyote pamoja, kama kitu kilichozibuka. Alicheka mpaka akainama, na bega lake likarudi chini ya mwanzi.

"Basi twende, dada," akasema. "Nitakupeleka."

Machila ya mwisho ilikuwa imeshatupita. Lukasi aliimba, lakini hakuimba wimbo wa mbio. Aliimba ule wa kumpeleka mtu kaburini, wa polepole, mguu unaotua kama unaomba ruhusa. Sisi tukaitikia. Abasi ndani aliendelea kugomba: mara jua linamchoma, mara Yakobo mumewe anamtikisa makusudi, huyo naye hakuonekana msibani, alikuwa anambembeleza Mdachi kwa birika. Watu walicheka sana hapo. Na mimi nilicheka, nikiwa na mwanzi begani, na Paskalia wangu chini yake. Sikuwa nimembeba kwenda kaburini. Nilimbeba siku ile.

Tulifika bomani wa mwisho. Tulikuwa tumekanyaga mguu mmoja tangu kona mpaka ngazi, na machila haikugusa ardhi. Lukasi alihesabu mwenyewe, tukaiteremsha taratibu.

Akida alikuwa ameshashuka ngazi, mate yanamtoka. "Nani aliyemweka kichaa mbele?"

Nilifungua mdomo. Petro akanitangulia. "Mimi ndiye mnyapara. Nilimweka mimi."

"Kuanzia leo si mnyapara. Na huyu," akaita askari, "huyu leteni pingu."

Abasi alitoka kwenye turubai anachechemea, shuka bado iko kichwani, akamkamata Lukasi mkono. "Huyu simtoi," akasema, sasa kwa sauti yake. "Nimeshamteka. Dada yake amezikwa, watani hatujapewa chetu. Mpaka tupewe kuku ni mateka wetu, na ni kuku wa mlimani, si hawa wenu wa mjini wenye mafua."

Watani wengine wakamzunguka Lukasi, wanne, watano, wanampaka vumbi kichwani, wanamwimbia. Mmoja akampaka vumbi na yule askari. Mjini kote hakuna asiyejua utani. Wapwani waliujua, askari Wanyamwezi waliujua kuliko wote, na yule askari mwenyewe alikuwa anazuia kicheko. Juu kwenye viti, Bwana Mkubwa alidhani ni sehemu ya mchezo, akapiga makofi. Akida akatazama juu, akatazama watu. Angemvuta Lukasi kutoka mikononi mwa watani wake, angekuwa kichekesho cha Morogoro mpaka kufa kwake, na Bwana Mkubwa angeuliza kwa nini anaharibu ngoma.

"Mchukueni huyo mwehu wenu," akasema. "Nisimwone tena. Karani, futa jina lake kwenye orodha zangu zote. Hata mzigo wangu sitaki auguse."

Hivyo ndivyo alivyompa kwa tusi kile ambacho karatasi ingempa kwa muhuri, tena si kwa mwaka mmoja. Sikumshukuru. Mpaka leo simshukuru.

Kuku tulimtoa tulipofika kwetu, jogoo mwekundu. Lukasi alimkamata mwenyewe, na Abasi alimkataa mara mbili kwa kusema ni mwembamba. Lukasi hakupona. Nasema hivi ili nisimdanganye mtu. Alisimama tena, mara nyingine kwenye maharage, mara nyingine mlangoni. Lakini mwito ulipomjia alikuwa na mahali pa kuupeleka. Alisema, "Abasi, amekuja tena, anadai nini?" Na Abasi alimjibu upuuzi mrefu mpaka ukapita. Petro, aliporudishwa unyapara kwa kuwa hakuna mwingine aliyeijua njia, alimweka Lukasi mbele ya makasha kama zamani. Safari hii hakujifanya anafunga kamba. Akisimama, Petro alisema tu, "Lukasi anapumzika, tukaeni," na watu wakakaa.

Mimi sikuwa na karatasi. Masika hayo hayo nilinyooshewa fimbo tena. Nilitwikwa hema, nikaenda nalo Kilosa na mbele ya Kilosa, miezi mitatu, mvua mgongoni. Kila siku nilifikiri habari ya kaburi lililoota majani. Nilijua nikirudi huwa nakuta nini.

Nilipanda mlima mchana. Kwenye kona ya kijito nilisimama, kwa sababu nilisikia kelele huko juu kwenye migomba, watu wawili wanagombana.

"Miwili!"

"Mitatu, mkojozi wewe, alisema mwenyewe!"

"Ulisema wewe! Miwili!"

Paskalia aliwahi kuniambia jambo hilo, mwaka tuliooana, tumelala tunasikiliza mvua. Nikaitua kichwani ngata yangu ya kubebea mzigo. Nikaweka mikono mdomoni.

"Minne!" nikawapigia kelele kutoka chini. "Aliniambia mimi! Alikubeba miaka minne, ukakataa kushuka!"

Nikasikia hatua zinateremka mbio, za mtu ambaye hatua zake huwa hazisikiki.